Safisha Upesi, Nusu ya Bei

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Nimeipata! Safari hii ndiyo yenyewe.

Kwanza habari ya jana. Nilikwenda Kikatiti kumsalimu Mzee Kaanaeli, baba yake Tabea. Nikatoa shikamoo ya heshima zote, nikakaa kwenye kigoda kifupi, nikanywa maziwa ya mgando niliyopewa na nikaomba mengine. Mzee akasema ameridhia kupokea washenga wangu Jumapili ya tarehe 26, baada ya ibada. Nusura niruke! Kisha akaongeza sharti. Washenga wakifika atawauliza kijana wao anafanya kazi gani, na anataka jibu la pumzi moja. Hataki maelezo. Mwaka jana alimuuliza dada yangu Hanna swali hilohilo, na Hanna alieleza mpaka chai ikapoa.

Ni kweli nimekuwa na kazi nyingi. Kuku wa mayai (kideri kiliwamaliza). Miavuli (mvua haikunyesha). Kukodisha baiskeli (ilikuwa moja, ya mjomba, na aliyeikodi hajarudi). Katika hayo yote sioni kosa langu.

Leo asubuhi nimepita darajani, mto Themi, nikamkuta Ndesanjo akiosha motokaa. Ndesanjo ni Mchaga wa Machame, kijana wa rika langu. Ana ndoo, sabuni ya mche, brashi, na subira ya ng'ombe. Gari moja analiosha asubuhi nzima. Analala chali chini yake. Anasugua mahali ambapo hakuna binadamu atakayepaona! Na wenye magari wamekaa juu ya mawe wanamngoja, wanatazama saa.

Nikajiuliza watu hawa wanataka nini hasa. Si usafi. Wanataka kung'aa, na wanataka kuondoka. Tena hao ni wenye nafasi zao. Walimu, makarani, madereva wa teksi, watu wenye magari yaliyokwisha kupita mikononi mwa wengine, hao bei ya Ndesanjo hawaiwezi. Hakuna anayewafikiria. Nitawafikiria mimi.

Tabea aliwahi kusema mikono ya Ndesanjo ni misafi siku zote. Nilimweleza kwamba mtu yule anashinda majini, hata chura ni msafi.

Jumatano, 8 Agosti

Nimefungua. Mahali: kando ya barabara ya Moshi, chini ya mgrevilea, mbali na mto. Ndesanjo amefungwa na mto. Mimi sijafungwa na kitu. Kibao nimekiandika mwenyewe kwa lami: SAFISHA UPESI, NUSU YA BEI. E. SUMARI NA WENZAKE. Wenzake bado hawajapatikana.

Hanna aliuliza maji nitayatoa wapi. Nikamwambia maji ndiyo yanayochelewesha kazi. Akanitazama, akaendelea kumenya ndizi. Chumba hiki cha Lemara ni cha Hanna. Mumewe yuko Tanga, kazini relini. Yeye ana mimba kubwa na maneno machache. Mimi nalala jikoni.

Tatizo ni moja tu. Polishi ya kopo inauzwa bei ya kizungu. Nimewaza sana, kisha nikamkumbuka bibi yetu. Uso wa bibi uling'aa mpaka siku tuliyomzika, na hakununua kopo hata mara moja. Mafuta ya mkia wa kondoo!

Hanna anayo, kibuyu kizima. Mama aliyaleta kutoka Kikwe kwa ajili ya uzazi, yatiwe kwenye supu ya mzazi apate nguvu. Lakini mtoto mwenyewe hajazaliwa. Kwa sasa yamekaa bure chini ya kitanda. Nimeazima.

Ijumaa, 10 Agosti

Siku ya ushindi!

Mteja wa kwanza alikuwa Mwalimu Thomasi na Morisi yake kuukuu. Alikuwa anakwenda kwa Ndesanjo kuomba apunguziwe bei. Nikasimama katikati ya barabara mpaka akafunga breki. Nikamwambia kwangu ataondoka kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza wa gazeti. Akatoa gazeti kunijaribu. Nikapangusa vumbi kwa jani la mgomba, nikapaka mafuta, nikasugua kwa kipande cha blanketi. Alikuwa bado kwenye bei ya kahawa nilipomgongea kioo. Morisi ilikuwa inang'aa! Mwalimu alijiona mlangoni mwa gari lake, akarekebisha tai.

Akauliza ile harufu ni ya nini. Nikasema ni ya ubora.

Baada yake alikuja Mhindi wa duka la vitambaa na pikapu yake. Kisha dereva wa teksi, mtu wa Pangani. Wote chapuchapu. Nilipokwenda kuchungulia darajani, Ndesanjo alikuwa bado na gari lilelile la asubuhi, anasafisha rimu kwa mswaki. Nilimhurumia.

Jioni nimesimama uani nikasema kwa sauti: "Ninang'arisha motokaa." Pumzi ilibaki.

Jumapili, 12 Agosti

Vumbi. Sikuwa nimelifikiria vumbi.

Jana Mwalimu Thomasi aliendesha hadi Kikatiti kwenye mkutano wa walimu. Mwezi huu wa nane barabara ile ni unga mtupu. Kila kilichokuwa njiani kilipanda juu ya Morisi na hakikushuka tena. Alipofika, wenzake walidhani ni kibanda cha udongo kimepata magurudumu. Alipotoka mkutanoni akakuta watoto wa shule wameandika kwa vidole hesabu za kugawanya, pande zote mbili na juu ya boneti. Anasema nyingi zilikuwa zimekosewa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wakati wa kurudi mbwa walimfuata mpaka Usa. Mmoja alikuwa analamba taa.

Haya yote ameniambia nje ya kanisa, kwa sauti ya darasani, washarika wakisikiliza. Nilijaribu kuimba.

Nyumbani nako balaa. Hanna alikuwa ameinama kuchukua kibuyu, akakuta chepesi. Hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akashika tumbo, akalia. Akasema mama alichinja kondoo wake wa pekee kwa ajili ya kibuyu kile. Sikupenda kumwona hivyo. Kusema kweli nilijisikia vibaya sana. Nikatoka nje.

Uani kwa mwenye nyumba kuna ua uliopandwa masale, mimea ya majani marefu ya kijani. Nikachuma jani moja, nikaingia nalo nimelishika kwa mikono miwili, nikapiga magoti. Kwetu Wameru, na kwa ndugu zetu Wachaga, mtu akikujia na jani la isale mkononi, yeye hana cha kuongeza na wewe huna cha kukataa. Unasamehe. Hata kama amekuulia ng'ombe. Hanna alilitazama jani kwa muda mrefu, akaniita jina baya la Kimeru, akalipokea.

Amesamehe! Nikachuma la pili, nikakimbia nalo kwa Mwalimu Thomasi. Alikunja uso kama mtu anayemeza kwinini. Naye akalipokea. Amelichomeka mbele ya usukani.

Sasa nimekaa jikoni nafikiri. Jani halikunigharimu kitu. Kuomba msamaha ni upesi kuliko kuosha.

Jumatano, 15 Agosti

Nimeboresha huduma. Kila mteja anapewa jani la isale papo hapo, kabla ya kuwasha gari. Msamaha wa mapema! Aliyekwisha kulipokea hawezi kurudi kulalamika. Mmeru hawezi, Mchaga hawezi. Karani mmoja wa chama cha kahawa alishtuka alipoona jani, akaficha mikono mifukoni. Nikalibana kwenye waipa, ikawa amepokea.

Kwa kuwa malalamiko yamekwisha, nimeweza kupunguza kazi. Nang'arisha upande mmoja tu. Namuuliza mteja kwanza anakwenda kwa nani na nyumba inatazama wapi. Akiegesha kwa akili, wenyeji hawatajua kamwe. Mafuta sasa nayatoa machinjioni. Ni ya siku mbili tatu, yana nguvu kidogo puani.

Wateja wa makabila mengine ni biashara ngumu. Mhindi alipokea jani, akashukuru vizuri, akampa mbuzi wake. Leo akarudi kudai pikapu isafishwe upya. Nikamwambia ameshasamehe. Akasema yeye hajasamehe, aliyesamehe ni mbuzi. Yule wa Pangani analitumia jani lake kufukuzia nzi walioijaa teksi. Anasema hawakuwapo zamani.

Mwenye nyumba naye ameona ua wake umebaki vijiti. Amenifukuza uani kwa fimbo ya kuchungia. Halafu majani yakichumwa yananyauka kwa jua kabla ya saa sita. Ninahitaji masale hai, yenye mizizi yake, palepale kazini.

Jumamosi, 18 Agosti

Nimekwenda Kikatiti kwa basi, na gunia kwapani.

Sikupita mbele kwa Mzee Kaanaeli. Si vizuri mkwe kuonekanaonekana kabla ya posa. Nilizunguka kwa chini, migombani. Watu wote walikuwa kwenye mfereji wanakoboa kahawa, nasikia mashine inakereza. Sasa, kati ya mikahawa ya Mzee Kaanaeli na ya jirani yake Mikaeli kuna mstari wa masale ambao sijapata kuona mfano wake. Manene, mabichi, majani mapana!

Najua isale la mpakani haliguswi. Kila mtoto wa Kimeru anajua hilo kabla hajajua kuvaa suruali. Lakini jambo hili nimelifikiria kwa utulivu. Mpaka ni wa watu wawili, na kitu cha watu wawili hakina mwenyewe. Tena mmoja wa hao wawili ni baba mkwe wangu, kwa hiyo sehemu fulani ni yangu, nimetangulia kuichukua tu. Na sikuwa na tamaa. Nimeng'oa yaliyo mazuri, ya ovyo nimeyaacha yote.

Mzee aliwahi kunieleza habari ndefu ya mpaka ule. Ugomvi wa miaka, wazee wakaja, pombe ikamwagwa chini, sikumbuki vizuri. Tabea alikuwa anamimina chai.

Nilimwona leo kwa mbali. Alikuwa na kikapu cha kahawa kichwani, anaimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili, peke yake. Nikajificha nyuma ya mgomba mpaka akapita. Ninampenda yule mtoto wa watu. Katika hilo sina hila yoyote.

Jumatatu, 20 Agosti

Masale yamesimama kulia na kushoto kwa kibao. Nimeyapaka mafuta jani kwa jani, yasinyauke. Yanang'aa kuliko magari. Wapita njia wanapunguza mwendo kuyatazama.

Ndesanjo amekuja. Alivua kofia, akayasifu masale, akauliza yametoka wapi. Nikasema ukweni. Akasema kwa upole kwamba mimi najua kuita wateja na yeye hajui, na yeye anajua kuosha, sasa kama tungeunganisha nguvu... Nikamkatiza. Huyu anazitaka siri zangu.

Hata hivyo nimempa heshima kubwa. Wajomba zangu wamekataa kuwa washenga. Mmoja anaumwa mgongo, mwingine ndiye mwenye baiskeli. Nilihitaji mtu mwenye sauti ya kutulia na suruali iliyopigwa pasi, nikamwomba Ndesanjo. Alishangaa, akauliza binti mwenyewe ni nani. Nikasema ni Tabea wa Mzee Kaanaeli. Akanyamaza, akageuzageuza kofia yake, akasema sawa, atakuja.

Kimya kile nakijua. Ni wivu wa biashara.

Alhamisi, 23 Agosti

Hanna amerudi sokoni na habari kutoka Kikatiti. Mzee Kaanaeli na Mikaeli wametoleana mapanga!

Kisa, mpaka. Mtu ameung'oa. Mzee Kaanaeli anasema ni Mikaeli, anataka kumlia shamba. Mikaeli anasema ni Mzee Kaanaeli. Mpaka huo waliugombania tangu enzi za baba zao, wakapatanishwa na wazee, masale yakapandwa kuwa shahidi, na tangu hapo wanakaa benchi moja kanisani. Sasa hata salamu hakuna. Mke wa Mikaeli amerudisha sufuria ya kina Tabea bila kuiosha. Mzee hali chakula, anakaa tu mlangoni na panga magotini. Wazee wa ukoo wameitwa wakutane shambani kwake Jumapili baada ya ibada. Jumapili hii, tarehe 26. Siku yangu!

Nikasema ni mtu wa namna gani huyo anayeweza kung'oa isale la mpaka. Nilisema kwa uchungu kabisa. Hanna alitazama viatu vyangu. Kisha akauliza gunia lake la mkaa liko wapi.

Hapo ndipo nilipoketi chini.

Hanna amesema niende leo hii nikamwambie Mzee ukweli. Huo ni ushauri wa mtu aliyechoka na mimba. Nimepata njia bora. Nitayarudisha.

Jumamosi, 25 Agosti

Nimeyarudisha. Mengine yamekwisha majani, wateja wameondoka nayo. Hayo nimeyapanda vijiti hivyohivyo. Kiangazi ni kiangazi, nani atashangaa?

Shamba lilikuwa tupu, wote wako kanisani wanafagia kwa ajili ya kesho. Lakini nilikuwa na haraka, na mashimo ya zamani yalikwisha kukanyagwa na ugomvi. Nikafunga kamba kutoka jiwe la juu hadi mfereji wa chini, nikapanda mstari ulionyooka. Ule wa kwanza ulipinda kama mkia wa mbuzi, nadhani walioupanda walikuwa wamechoka. Kwa mstari wangu mikahawa kadhaa ya Mikaeli imeangukia upande wa Mzee Kaanaeli. Nikaiacha. Mkwe asikose zawadi.

Kesho wazee watakuta mpaka uko mahali pake, watacheka, watakunywa, na washenga wangu watasimama. Yale mafuta yaliyobaki nimeyaweka ya kupaka usoni.

Jumapili, 26 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulikwenda kwa Morisi ya Mwalimu Thomasi: yeye, Ndesanjo, Hanna na mimi. Morisi ilikuwa safi sana, hata chini ya madigadi. Alikwisha kuipeleka darajani.

Tulikuta wazee wamesimama mpakani. Mzee Kaanaeli alikuwa anautazama mstari mpya, na mimi nikawa namtazama yeye, nangoja atabasamu. Akasema mikahawa ile si yake, ilipandwa na baba yake Mikaeli, na mtu aliyemsogezea mpaka amemfanya mwizi mbele ya jirani yake, naye hajala cha mtu tangu azaliwe. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mikaeli alikuja tayari kwa kupigana, sasa akawa hana wa kupigana naye. Alibaki ameshika panga lake kama mtu aliyepewa ashike la mwenzake.

Ndipo mzee mmoja mkongwe akainama kulishika isale. Vidole vikateleza. Akavinusa. Akampa mwenzake anuse. Wazee wakanusiana vidole mmoja baada ya mwingine, kwa makini, mpaka mmoja akasema: kondoo. Mwalimu Thomasi akaomba naye anuse. Alinusa, akafumba macho, akageuka polepole akanitazama. Wote wakafuata macho yake.

Nilikuwa nang'aa.

Nikafanya ninachokijua. Nikakata jani la isale lililokuwa karibu, nikapiga magoti, nikamnyooshea Mzee Kaanaeli kwa mikono miwili. Hakulipokea mara moja. Aliniuliza, bila haraka yoyote, jani hilo nimelikata wapi. Nikatazama nyuma. Nilikuwa nimelikata mpakani. Mbele ya wazee wa ukoo mzima.

Aliyeanza kucheka ni Mikaeli. Kisha wengine wote, hata wake zao kule migombani. Mzee peke yake hakucheka. Alilipokea jani. Mila ni mila. Akasema amenisamehe. Mikaeli naye akasema amenisamehe. Wakapeana mikono juu ya kichwa changu, maana bado nilikuwa katikati yao, magotini.

Nikaona mambo yametengenea! Nikamkonyeza Ndesanjo. Akasita, akakohoa, akasimama mbele ya wazee na kuanza vizuri kabisa, tumetoka mbali, tumekuja kwa heshima. Mzee Kaanaeli akainua mkono akamuuliza swali lake. Kijana wenu anafanya kazi gani? Ndesanjo akavuta pumzi. Akanitazama. Akatazama masale. Mtu yule hawezi kusema uongo, nilikosea kumchagua. Pumzi ikatoka yote bila neno hata moja.

Aliyesema ni Tabea. Binti hasemi siku ya posa, lakini alisema. Aliniita kaka Ephraimu. Kaka! Akasema isale ni la kuombea msamaha, na msamaha nimekwisha kupewa, lakini mke haombwi kwa isale. Akasema amemwona baba yake akikaa na panga magotini kwa sababu yangu. Na yeye hataki mume ambaye kila jioni atafika mlangoni na jani mkononi. Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu.

Washenga walipewa chai. Mstari ilibidi upandwe upya, wazee wakionyesha mahali. Ndesanjo alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaomba ndoo. Alipanda isale moja moja, hata vile vijiti, na kila jani akalifuta mafuta kwa kitambaa chake cha mfukoni. Tabea alikuwa anamletea maji. Mimi nilikaa ndani ya Morisi.

Niliumia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Njia nzima Hanna alinishika mkono bila kusema neno, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno yake yote.

Jumamosi, 13 Oktoba

Muda mrefu sijaandika. Hanna amejifungua mtoto wa kike. Mzuri, paji la uso kama la bibi. Mama amekuja kutoka Kikwe na kibuyu kingine. Safari hii hakikuwekwa chini ya kitanda. Hanna anakilalia.

Leo Ndesanjo alikuja pale kwenye mgrevilea. Hakuwa na ndoo. Alikuwa na jani la isale, amelishika kwa mikono miwili, na nikajua kabla hajapiga magoti.

Alisema amekuja mwenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyemfikisha mlangoni kwa Mzee Kaanaeli, na hakutaka nisikie kwa watu. Anasema alikuwa akienda Kikatiti kila Jumamosi kuyamwagilia masale mpaka yashike. Yameshika yote, hata vijiti. Mzee alimuuliza anafanya kazi gani. Akasema anaosha magari. Basi. Harusi ni Jumamosi, tarehe 17 Novemba.

Nilitaka kuficha mikono mifukoni kama yule karani. Nilitazama huku na huku kama kuna mbuzi. Jani lenyewe lilikuwa zuri, pana, limekatwa na Mzee Kaanaeli kwa mkono wake, kwa ruhusa ya Mikaeli. Nilikaa nalitazama. Nikamwita Ndesanjo jina baya la Kimeru, hakulielewa. Nikalipokea. Nimemsamehe, hakuna namna nyingine. Mila hii ina kasoro kubwa sana, na nashangaa hakuna aliyewahi kuiona.

Alipoondoka nilikaa nyuma ya kibao nikalia kidogo.

Kisha nikafikiri. Harusi ina magari. Mwalimu Thomasi atapeleka Morisi, Mhindi atakodisha pikapu ya kubebea kwaya, na teksi ya yule wa Pangani lazima itakuwapo. Nani atayang'arisha? Ndesanjo siku hiyo ni bwana harusi, hawezi kulala chini ya gari. Na mwezi wa kumi na moja mvua zimeanza. Mvua ikinyesha hakuna vumbi! Kosa lilikuwa vumbi tu. Mafuta yenyewe hayakuwa na kosa hata kidogo.

Machinjioni wamepandisha bei, sijui kwa nini. Hanna amesinzia na mtoto kifuani, na shingo ya kibuyu imechomoza kidogo pembeni mwa mto wake. Jani la Ndesanjo ni bichi bado. Nimeliweka ndani ya kikombe cha maji, maana asubuhi nitalihitaji.